Rufaa ya Aliyenyimwa Pensheni ya Ulemavu Karagwe na Kyerwa

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambako watu wengi huishi kwa migomba, maharage na kahawa, riziki hutegemea nguvu za mwili, na kwa sababu hiyo uamuzi wa kumnyima mtu pensheni ya ulemavu, yaani malipo ya kila mwezi kwa aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi, huitikisa kaya nzima.

Mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi, awe muuguzi wa Kayanga, wilayani Karagwe, au mchimbaji wa bati aliyeajiriwa Kyerwa, hudai haki yake kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na unaochangiwa na waajiri pekee. Ulemavu usiotokana na kazi hauingii humo, bali hudaiwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) kwa wanachama wa sekta binafsi au Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), na anayekosea mlango hupoteza muda.

Kiini cha uamuzi wa WCF ni tathmini ya ulemavu, ambayo ni kipimo cha kitabibu kinachotajwa kwa asilimia. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, yaani mara moja tu, ilhali unaozidi hapo huzaa pensheni. Mchimbaji aliyepondwa mkono na jiwe akapimwa asilimia 28 hupokea mkupuo, na mwenzake aliyepimwa asilimia 32 hulipwa kila mwezi, ingawa wote wawili hawawezi tena kushika sururu.

Asiyeridhika na uamuzi wa WCF huomba kwanza mapitio, yaani uamuzi uangaliwe upya na Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko. Akikwama hukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na mwisho Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Kwa kuwa rufaa hujibu sababu za uamuzi na si uchungu wa mdai, ni lazima adai sababu hizo kwa maandishi, kisha aambatishe taarifa ya daktari inayoeleza kazi ambazo kiungo kilichoumia hakiwezi tena kuzifanya, pamoja na mkataba na hati za mshahara.

Ugumu ni umbali na gharama, kwani kutoka Kayanga hadi Bukoba, yaliko makao makuu ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 100, na anayetoka Murongo, mpakani na Uganda, husafiri mbali zaidi. Hata hivyo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao humwelekeza bila malipo mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili.

Haki isiyofikika kwa mnyonge haijakamilika. Halmashauri za wilaya hizi mbili, waajiri na mifuko hawana budi kumweleza mdai, kwa Kiswahili chepesi na ndani ya barua ileile ya kumkatalia, sababu za uamuzi, mahali pa kukata rufaa na siku ya mwisho ya kufanya hivyo.