Katuni za magazeti zasafiri kwa simu bila jina la mchoraji wala tarehe: wasomaji wa Mbinga na Nyasa wanapoteza nini

Gazeti moja likifika Mbinga halisomwi na mtu mmoja. Kwa miaka mingi nakala iliyochapwa Dar es Salaam ilisafiri takriban kilomita 1,000 kupitia Songea kabla ya kufika katika mji huo wa kahawa, na kwa wakazi wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi ilibaki safari nyingine ya kuteremka milima ya Umatengo hadi ziwani, kwa barabara ambayo kabla ya kuwekwa lami ilikuwa ngumu kupitika wakati wa masika. Kitu kinachofika kwa taabu kiasi hicho hakiachwi mezani. Kilisomwa kwa zamu, kikaazimwa, kikasomwa kwa sauti, na mwisho wake kikafungia sukari au dagaa.

Katika nakala hiyo moja, katuni ndiyo iliyosomwa na wengi zaidi. Taarifa ya uchumi ilihitaji utulivu na macho mazuri. Katuni iliweza kutazamwa na watu watano kwa mara moja, mmoja akisoma maneno yaliyo juu ya vichwa vya wahusika na wengine wakieleza wanachokiona. Aliyeelewa kwanza alicheka kwanza, na ambaye hakuelewa aliuliza. Katika kuuliza huko ndiko mjadala ulikoanzia.

Hali hiyo haikuondoka na ujio wa simujanja, bali imehamia humo. Katuni iliyochorwa kwa ajili ya gazeti la leo hupigwa picha asubuhi na mtu aliye Dar es Salaam au Songea, ikaingia katika kundi sogozi la wanakijiji, la wanakwaya, la wazazi wa shule au la waliowahi kusoma pamoja, na kabla ya saa sita mchana imekwisha kujadiliwa na watu walioko Mbinga mjini, Mbamba Bay na hata vijana wa huko walioko masomoni mikoa mingine. Kwa upande wa kasi na idadi ya wasomaji, ni faida isiyopingika. Lakini kuna kinachopotea njiani.

Katuni ya gazeti haikuundwa kusimama peke yake. Mchoraji huichora akijua kwamba msomaji ataiona ndani ya toleo lenye tarehe juu ya ukurasa, karibu na habari iliyoizaa, na sahihi yake mwenyewe ikiwa imewekwa pembeni. Anayeipiga picha kwa simu hukata kingo ili mchoro ujae kiooni. Kingo hizo ndizo zenye jina la gazeti na tarehe, na mara nyingi sahihi nayo hukatwa humo humo. Mchoro unaobaki hauna mwenyewe wala siku.

Chukulia mfano wa katuni inayomwonesha mkulima wa kahawa akiwa amebeba gunia kubwa na kupokea sarafu moja. Mchoraji aliichora katika msimu fulani, kuhusu bei ya msimu huo, pengine hata kuhusu mkoa mwingine. Ikiibuka upya bila tarehe mwezi Julai, wakati wakulima wa Mbinga wakiwa katika mavuno na chama cha msingi kikikusanya kahawa, itasomwa kama habari ya wiki hii. Mkulima anaweza kuingiwa na hofu akamuuzia mlanguzi kahawa ikiwa bado mtini, kwa kuamini kwamba bei imekwisha kuporomoka. Katuni yenyewe haikusema uongo. Kilichodanganya ni kukosekana kwa tarehe.

Thamani ya jina na tarehe huonekana vizuri zaidi kwa kuangalia historia ya sanaa hii katika Kiswahili, ambayo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu tangu miaka ya 1950, na mhusika huyo akadumu kwa miongo mingi katika gazeti la Taifa Leo. Msomaji wa mwambao wa Ziwa Nyasa ana sababu yake mwenyewe ya kulicheka jina hilo. Katika Kichinyanja, lugha inayosikika sana upande wa pili wa ziwa, kalulu ni sungura, yule mjanja wa hadithi za bibi anayewashinda fisi na simba. Kumwita sungura "juha" ni kuigeuza hadithi nzima juu chini. Msomaji wa kwingineko huenda asilione hilo mpaka jirani amweleze, na hiyo ni hoja nzuri kwa wanaodhani katuni husomwa vyema na mtu akiwa peke yake.

Nchini Tanzania, gazeti la Uhuru, lililoanzishwa mwaka 1961 kama gazeti la TANU, lilimpa msomaji Chakubanga, mhusika aliyebuniwa na Christian Gregory. Chakubanga alikuwa mtu wa kawaida anayekutana na nchi inayobadilika: mji, mavazi mapya, watendaji, siasa ya Ujamaa na Kujitegemea baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mtafiti wa leo anayetaka kujua wananchi walicheka nini katika miaka ile atajifunza mengi kwa Chakubanga, ili mradi ajue kila mchoro ulitoka lini. Mzaha kuhusu foleni ya dukani una maana moja ukichapwa kabla ya uhaba wa bidhaa wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na maana nyingine kabisa ukichapwa katikati yake.

Kisha likaja Sani, jarida ambalo jina lake limeundwa kwa silabi za kwanza za majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo walikaa akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, Pimbi na Kipepe, wahusika ambao watu wazima wa leo bado huwataja kama wanavyotaja majirani waliohama. Jina Lodi Lofa peke yake ni kichekesho kamili, kwa kuwa linaunganisha ubwana na ulofa ndani ya mtu mmoja. Miongoni mwa wachoraji walioijenga Sani alikuwa Philip Ndunguru, aliyefariki akiwa bado kijana katika miaka ya 1980. Ukoo wa Ndunguru haumhitaji mfasiri Mbinga wala Nyasa. Karibu kila darasa lina mmoja. Hata hivyo, wapo wengi wanaomkumbuka Ndumilakuwili bila kuwahi kulisikia jina la kijana aliyemchora. Hayo yametokea kwa jarida lililochapwa kwa karatasi na wino, lenye majina ndani yake. Kwa mchoro unaosafiri kwenye simu ukiwa umekatwa kingo, usahaulifu hauhitaji miaka 30. Unatosha mchana mmoja.

Kizazi kilichofuata kinafahamika zaidi: Kingo wa James Gayo, panya mdogo wa Masoud Kipanya anayesimama kando na kutoa lake la moyoni, na Godfrey Mwampembwa, maarufu kwa jina la Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejijengea jina katika magazeti ya Kenya kuanzia mwaka 1992. Panya wa Kipanya ni mfano mzuri wa namna kipande kidogo kinavyobeba maana kubwa. Anayekata pembe ya mchoro ili uenee kwenye kioo anaweza kumkata panya, na pamoja naye jambo lenyewe ambalo mchoraji alikusudia kulisema.

Usomaji wa pamoja, kwa upande wake, una mizizi ya zamani katika nchi hii. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakijadili walichosikia na kukubaliana la kufanya. Juhudi za elimu ya watu wazima za kipindi hicho zilifikisha kiwango cha kujua kusoma na kuandika, kwa takwimu rasmi za mwaka 1986, katika asilimia 90.4. Kikundi kilikuwa na kiongozi, kilikuwa na kitabu, na kila mshiriki alijua kipindi kinachojadiliwa ni cha wiki gani. Kundi sogozi lina watu wengi na msimamizi, lakini mara nyingi halina hilo la mwisho.

Wala si Tanzania pekee iliyowahi kusoma katuni bila kuwa na gazeti mkononi. Mwezi Julai mwaka 1945, wasambazaji wa magazeti wa New York, Marekani, walipogoma, Meya wa jiji hilo, Fiorello La Guardia, alikwenda redioni akasoma katuni za Jumapili kwa sauti, akieleza kila kisanduku kinaonesha nini na nani anasema nini. Alitaja katuni anayoisoma na akaifuata kwa mpangilio wake. Watoto wasiokuwa na gazeti walipata hadithi yao bila kupungukiwa na kitu isipokuwa picha.

Njia hiyo ya meya inafaa kuigwa. Katika makundi mengi wamo wazee wasioona vizuri herufi ndogo, wenye ulemavu wa macho wanaotumia simu kwa kusikiliza, na wenye simu ambazo hazifungui picha ipasavyo. Ujumbe wa sauti wa nusu dakika, unaotaja gazeti, tarehe, mchoraji, kinachoonekana na kilichoandikwa, huwaingiza wote katika mazungumzo. Anayetuma picha tupu na alama tatu za kicheko huwaacha nje.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218, inailinda michoro kama inavyozilinda kazi nyingine za sanaa, na ulinzi huo huanza kazi inapokamilika, bila kungoja usajili. Hudumu katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbali na haki ya kipato, mtunzi ana haki ya kutambuliwa kwa jina na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa. Kunukuu kunaruhusiwa kwa kiasi kinachohitajika, chanzo na jina vikitajwa. Kufuta sahihi, kubadilisha maneno ya wahusika ili waseme jambo jingine, au kuweka nembo ya biashara juu ya mchoro wa mtu si kunukuu. Kubadilisha maneno ndiko kunakostahili tahadhari kubwa zaidi, kwa kuwa mchoraji huhesabiwa na umma kuwa ndiye aliyesema asichokisema, na aliyebadilisha na kusambaza anaweza pia kujikuta anajibu chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Lipo jambo jingine ambalo sheria haiwezi kulimaliza, nalo ni utani. Jamii za Ruvuma zinaujua utani vizuri. Mtani hufika hadi msibani na kusema yasiyosemwa na wengine, na hakuna anayekasirika kwa sababu kila mmoja anajua mipaka na anajua anayesema ni nani. Katuni imerithi sehemu ya ruhusa hiyo. Tofauti ni kwamba mtani yupo mbele ya mtaniwa na anaweza kurudishiwa, wakati kundi la watu 200 halina uso. Mchoro unaomcheka mtendaji mzembe kwa ujumla hugeuka kuwa shutuma mara tu mtu anapouandikia chini jina la mtendaji wa kijiji chao. Msimamizi wa kundi anayeufuta ujumbe wa namna hiyo hazuii mjadala. Anaurudisha mchoro kwenye maana yake.

Kwa msomaji anayepokea katuni isiyo na jina, dalili za kuanzia zipo. Ikiwa WhatsApp imeweka mishale miwili juu ya ujumbe, maana yake umepita mikono mingi, na tangu mwaka 2020 mtandao huo umeweka kikomo kwamba ujumbe wa aina hiyo hutumwa kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati. Pia zipo dalili ndani ya mchoro: bei iliyoandikwa, aina ya simu au gari, sare, cheo kinachotajwa. Katuni inayomtaja Mkuu wa Wilaya ya Nyasa, kwa mfano, haiwezi kuwa ya kabla ya wilaya hiyo kumegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kuuliza ndani ya kundi, "Hii ni ya gazeti gani, la lini?" ni swali la adabu, na mara nyingi yupo anayejua.

Wachoraji chipukizi wa Mbinga na Nyasa, ambao wengi huanzia kwenye kurasa za nyuma za madaftari ya shule, wanashauriwa kuweka sahihi na mwaka ndani ya mchoro, karibu na wahusika, mahali ambapo hapawezi kukatwa bila kuiharibu picha. Wanaotaka kumbukumbu rasmi ya kazi zao wanaweza kuzisajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Na kwa wanaotaka kujua katuni waliyotumiwa ya Chakubanga ilichapwa mwaka gani, mahali pa kuanzia ni Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, ambako magazeti ya zamani husomwa yakiwa mazima, kuanzia kichwa cha ukurasa hadi kingo zake.