Banalia: Ford ya mwaka wa 1932 yazaliwa ndani ya makopo ya tomato

BANALIA – Kwenye ukingo wa mto Aruwimi, kamyo hazina haraka. Barabara ya taifa namba 4, inayotoka Kisangani kwenda Buta, inakatwa na maji hapa Banalia, karibu kilometa 130 kutoka mjini. Kila gari linapaswa kungojea kivuko, ambacho wakaaji wote wanakiita baki. Baki ikiharibika, wanangoja siku mbili, tatu, wakati mwingine juma zima. Madereva wanalala chini ya kamyo zao, wamama wanauza ndizi na samaki, na watoto wanapata kitu ambacho mtoto wa mjini hana: motokari iliyosimama. Unaweza kuizunguka, kuinama chini yake na kuhesabu vyuma vya resori zake kimoja kimoja, mpaka dereva aamke na kukufukuza.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amefukuzwa mara nyingi. Ana miaka 15. Masomo yalisimama kwa sababu ya feza, na tangu hapo mikono yake haijatulia. Ametengeneza kamyo mbili za Mercedes, zile za pua fupi, kwa uti wa makuti ya rafia, vijiti na magurudumu yaliyokatwa kwenye kambambili zilizozeeka. Mama yake anasema ni michezo ya watoto na kwamba kijana mkubwa namna hiyo angeshika jembe. Nilipokuja likizo, nikamwonyesha kwenye simu picha ya motokari ambayo hajaiona kamwe pale baki: Ford ya mwaka wa 1932, haina gardebu, haina paa, magurudumu ya nyuma ni makubwa kuliko ya mbele, na injini iko wazi.

Akaitazama sana. Kisha akauliza: “Mjomba, hii ilipata aksida?”

Haikupata aksida. Wamarekani wanaiita hotirodi. Katika miaka ya 1930, kule California, vijana wasio na feza nyingi walinunua Ford zilizozeeka, wakazing'oa gardebu na kila chuma kisichosaidia mbio, wakaongeza nguvu ya injini au kuweka injini ya gari lingine, kisha wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka, kama lile la Muroc. Kufikia mwaka wa 1937 walikuwa wameunda shirika la kupima mbio zao, na mwezi wa kwanza 1948 gazeti lao lilianza kutoka. Ford ya 1932 ndiyo waliyoipenda kupita zote, kwa sababu Henry Ford aliiwekea injini ya silinda nane, lita 3.6 na nguvu za farasi 65, kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kufikia.

Nilipomaliza kueleza, mpwa wangu akacheka. “Basi hiyo ni kazi ya garaji za Kisangani.” Sikuwa na jibu. Nani kati yetu hajapanda gari lenye injini ya kabila moja, sanduku la vitesi la kabila lingine na ekseli iliyotoka kwa marehemu wa tatu? Tofauti ni kwamba sisi tunafanya hivyo ili gari lifike tu.

Kipimo kinatoka kwenye kopo

Katika Ulaya na Marekani kuna watu wazima wanaounda magari madogo ya namna hii. Wengi wananunua sanduku lenye vipande vya plastiki tayari, wanavibandika na kupaka rangi. Lakini wanaoheshimiwa zaidi ni wale wanaoanza na sifuri, yaani na bati tupu na mti mtupu. Mwingereza Gerald Wingrove aliishi kwa kazi hiyo na kuandika vitabu juu yake. Na sisi tulikuwa na Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka wa 1948 na kufa Kinshasa mwaka wa 2015, ambaye kwa karatasi ngumu, makopo na vifuniko vya chupa alijenga miji mizima ya kuwazia. Kazi zake zilionyeshwa Paris mwaka wa 1989, na mwaka wa 2018 jumba la sanaa la MoMA la New York lilimpa maonyesho yake peke yake. Namtaja kwa ajili ya dada yangu hasa.

Sanduku la plastiki halifiki Banalia. Tulianza na sifuri kwa kukosa njia nyingine.

Swali la kwanza ni kipimo. Nilidhani tutachagua kipimo, kisha tutafute vifaa. Mpwa wangu alinigeuza: kwanza tafuta magurudumu, kwa sababu kila kitu kingine unaweza kukikata upendavyo, lakini kopo la duara hukatii upya. Kopo dogo la tomato, la gramu 70, lina upana wa karibu sentimeta 5. Kopo la gramu 400 lina sentimeta 7.3. Kwenye picha yetu gurudumu la nyuma lilikuwa kama sentimeta 76. Ukizungushia kopo la sentimeta 7.3 mpira wa ndani wa velo mara mbili, unapata 7.6 kasoro unywele. Basi kipimo kikawa moja kwa kumi, na hesabu ikawa rahisi mno: kila sentimeta ya gari la kweli ni milimeta moja ya gari letu. Magurudumu ya mbele, ya milimeta 66, tuliyakata kwenye kambambili.

Kutoka ekseli hadi ekseli, Ford ya 1932 ina sentimeta 269. Yetu ina milimeta 269. Upana kati ya magurudumu ni karibu milimeta 142. Hizo mbili tulizipiga kwa misumari juu ya ubao, na kila kipande kilichokuja baadaye kilipaswa kulala ndani ya misumari hiyo.

Fremu tuliichonga kwenye mti mgumu. Injini ni ya kombokombo, ule mti mwepesi unaoota haraka kwenye mashamba yaliyoachwa. Kisu kinaingia kama kwenye muhogo. Injini ile ya zamani ina safu mbili za silinda zilizolala kwa pembe ya digrii 90, na vifuniko vyake viwili ni bapa kama sahani. Hapo bati linafaa. Kila kifuniko kilikuwa na bulo 21, na mpwa wangu alizitia zote kwa ncha ya msumari, 21 huku, 21 kule. Nilimwambia hakuna atakayehesabu. Akanijibu kwamba yeye amekwisha kuhesabu.

Resori ilimfurahisha kuliko vyote. Kamyo anazozijua zina resori upande wa kushoto na upande wa kulia. Ford hii ina moja tu mbele, iliyolala kwa kukingama kutoka gurudumu hadi gurudumu, na moja nyuma vilevile. Kwetu ilikuwa kipande kimoja cha mwanzi uliochanwa, kikakunjwa juu ya moto polepole. Vyuma vya usukani vilitoka kwenye rayoni ya velo, na Kisangani pamoja na toleka zake haikosi rayoni: unene wake ni milimeta 2, sawa na chuma cha sentimeta 2 kwenye gari la kweli.

Bodi ilitutesa. Bati la kopo la maziwa ya unga linakunjika vizuri upande mmoja, lakini ukitaka likunjike pande mbili kwa mara moja linapasuka au linafanya makunyanzi. Tuliharibu makopo matatu. Msaada ulitoka kwa dada yangu, yule asiyetaka michezo. Yeye ni mshonaji. Alipita, akatazama, akasema: “Nyinyi mnakata nguo bila patroni?” Akachukua katoni ya biskuti, akaikata, akaibandika juu ya fremu, akaondoa mkunjo hapa na kuongeza kipande pale, kama anayepima bega la mteja. Katoni ilipokaa vema, tukaihamisha juu ya bati. Kingo tulizikunja na kuzipachika moja ndani ya nyingine, bila kulehemu hata mahali pamoja. Mkasi wake tuliuomba vilevile, na juu ya hali ya mkasi huo baada ya kazi sitasema neno.

Swali la fundi

Kazi ilichukua juma tatu. Pale baki madereva waliizunguka kama sisi tunavyozunguka magari yao. Mmoja mzee alitaka kuinunua. Mpwa wangu akakataa, na mama yake akakasirika kwa sababu feza ile ingenunua mchele.

Lakini kijana alikuwa na shauri lake. Niliporudi Kisangani nilikwenda naye kwa fundi mmoja wa mekanika ambaye haendi kuchukua wanafunzi hovyo. Fundi hakusifu rangi wala bulo 21. Aliiweka Ford chini, akaisukuma kwa mduara mdogo. Gurudumu la nyuma la ndani likakwaruza sakafu.

“Kwa nini linalia?”

“Papa, magurudumu mawili ya nyuma yameshikamana na ekseli moja,” mpwa wangu akasema. “Kwenye kona, la nje linakwenda njia ndefu kuliko la ndani. Lakini yamefungwa, kwa hiyo moja linaburutwa.”

“Utafanyaje?”

Kijana akaomba koleo. Akalegeza gurudumu moja lizunguke peke yake juu ya ekseli. Akasukuma tena kwa mduara, kimya. Akainua uso akingoja sifa.

“Vema,” fundi akasema. “Sasa hii ni motokari ya kweli, ina injini. Injini inazungusha ekseli. Hilo gurudumu ulilolegeza, nani atalisukuma?”

Mpwa wangu akafungua mdomo na kuufunga. Akatazama Ford yake, kisha akatazama chini ya kamyo iliyokuwa juu ya magogo, pale katikati ya ekseli ya nyuma ambapo kuna lile tumbo la chuma alilolichora mara nyingi kwenye kamyo zake za Mercedes bila kujiuliza ndani yake kuna nini. Fundi akamwona anapotazama. Akaenda pembeni, akaburuta diferansieli iliyofunguliwa, nyeusi kwa mafuta, akaiweka mbele yake.

“Zungusha huku. Shika upande ule usizunguke. Umeona?”

Walikaa pale hadi saa sita, mimi nimesahauliwa. Tulipoaga, fundi alisema kijana arudi Jumatatu na nguo za kazi, na kwamba habari ya feza ya kuingia ataizungumza na mama yake mwenyewe. Ford ilibaki garajini, juu ya rafu, kati ya makopo ya grisi. Gurudumu lake moja bado limelegea.