Harufu ya plastiki garini si ya kufungulia dirisha tu

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya gari kushika moto nayo mara nyingi ni harufu.

Katika mtaa wa Kapsoya, Eldoret, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, asubuhi huwa na baridi kali. Baba anawasha gari awapeleke watoto shuleni, anafungulia hita na kuwasha taa kwa sababu ya ukungu. Baada ya dakika chache harufu ya plastiki inayoungua inasikika, kisha inapotea. Dirisha linafunguliwa, safari inaendelea. Je, wewe pia hufanya hivyo?

Joto hutoka wapi?

Wengi huulaumu waya, lakini kasoro huwa hasa pale chuma kinapogusana na chuma: ndani ya swichi, kwenye soketi ya balbu, au kwenye konekta, yaani ile plagi ya plastiki inayounganisha nyaya. Pini zake zikiwa mpya hubana sawasawa na umeme hupita bila taabu. Zikilegezwa na mtikisiko wa barabara, au zikiingia kutu kwa maji ya kuoshea injini, umeme hulazimika kupenya mahali padogo, na hapo ndipo joto huanzia.

Wanafunzi wa fizikia watalielewa hili upesi. Feni ya hita ikivuta ampea 10 kupitia kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 0.1, kiungo hicho hutoa joto la wati 10 mahali padogo kama ukucha. Plastiki hugeuka rangi ya hudhurungi na kulainika. Pini nazo hulegea zaidi, na joto huzidi.

Mbona fyuzi haikatiki? Kwa sababu fyuzi huangalia wingi wa umeme unaopita. Haijui kwamba plagi iliyo kando yake inachemka. Kwa hivyo fyuzi kuwa nzima si ushahidi kwamba gari ni salama.

Balbu kubwa, hatari kubwa

Wanaosafiri usiku kupitia Burnt Forest na Timboroa wanaujua ukungu wa huko. Wengine hutoa balbu za wati 60 na kutia za wati 100. Kwa betri ya volti 12, balbu mbili za wati 60 huvuta ampea 10. Mbili za wati 100 huvuta karibu ampea 17. Joto katika kiungo kile kile hukaribia kuwa mara tatu. Kama umeme wa taa unapitia moja kwa moja kwenye swichi ya usukani, bila rilei, swichi ndiyo itakayoungua.

Hata magari ya kampuni kubwa hayakuepuka shida ya swichi. Mnamo Oktoba 2012, Toyota iliita magari milioni 7.43 duniani, Vitz yakiwemo, kwa ajili ya swichi ya vioo iliyo upande wa dereva. Grisi haikupakwa sawasawa kiwandani, na swichi ikawa nzito kubonyeza. Ilionywa kwamba mwenye gari akiipulizia mafuta ya kulainisha ya dukani, swichi ingeweza kuyeyuka, kutoa moshi na hata kushika moto. Oktoba 2015 kampuni hiyo iliita tena magari milioni 6.5 kwa sababu ya swichi za vioo.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, lakini likishaingia huuzwa mkono kwa mkono kwa miaka mingi. Mnunuzi wa tatu hajui kama swichi yake ilirekebishwa. Muulize wakala wa kampuni ukiwa na nambari ya chesisi.

Ufanye nini?

Ukisikia harufu, zima hita au taa za ziada, simama kando ya barabara mahali salama, zima injini na uwatoe watoto kwanza.

Mwambie fundi aichomoe konekta uione kwa macho yako. Ikiwa imebadilika rangi, abadilishe konekta pamoja na kipande cha waya kilichokakamaa. Kutia swichi mpya kwenye plagi iliyoungua ni kuichoma swichi hiyo pia.

Usikubali nyaya zisokotwe na kufungwa kwa utepe tu. Usikubali fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa, wala kipande cha waya mahali pa fyuzi.

Ukitaka taa kali, fundi aweke rilei, pamoja na waya mnene na fyuzi yake kutoka kwenye betri.

Swichi ya kioo ikiwa nzito, usiipulizie mafuta. Ibadilishe.

Gari la familia aghalabu hununuliwa kwa mkopo wa chama cha akiba, na hulipwa kwa miaka. Konekta ni miongoni mwa spea za bei ya chini kabisa. Afadhali kuinunua leo kuliko kusimama kando ya barabara na watoto, mkilitazama gari likiteketea.