Chesi: Una malkia, yeye kabaki na mfalme tu. Mbona mmetoka sare?

Wachezaji wawili wa klabu wamekaa mezani karibu masaa manne. Mweupe ana mfalme na malkia. Mweusi kabaki na mfalme peke yake. Dakika moja baadaye wanapeana mikono na kugawana pointi.

Sababu ni kanuni moja ambayo kila mchezaji anaijua, ila akiwa na haraka anaisahau.

Kanuni inasemaje?

Ikiwa ni zamu yako, mfalme wako hashambuliwi, lakini huna hatua yoyote halali ya kucheza, mchezo unaishia hapo hapo kwa sare. Haijalishi mpinzani ana kete ngapi.

Kosa linavyotokea

Mfalme mweupe yuko f6, malkia wake yuko e7. Mfalme mweusi kakimbilia kona ya h8.

Mweupe akimpeleka malkia g7, kashinda. Mfalme mweusi anashambuliwa, hana pa kukimbilia, na hawezi kumla malkia kwa sababu analindwa.

Lakini akimsimamisha f7, chumba kimoja tu kabla, mambo yanaharibika. Vyumba vya g8, g7 na h7 vyote vimefungwa, ila h8 yenyewe haishambuliwi. Sare!

Kwa nini asione?

Saa. Mashindano mengi humpa kila mchezaji dakika 90, na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Dakika zikiisha, unaishi kwa hizo sekunde 30. Na ukishaiachia kete, hairudi.

Hasara yake

Ushindi ni pointi 1, sare ni nusu. Kwenye viwango vya Elo vinavyotumiwa na shirikisho la dunia, FIDE, wachezaji wa klabu wenye kiwango sawa na waliokwishacheza michezo 30 au zaidi hupata pointi 10 wakishinda na kupoteza 10 wakifungwa. Sare haibadilishi kitu. Mmoja kakosa 10, mwenzake kaokoa 10.

Ufanye nini?

Kama unaongoza, kabla ya kuachia kete jiulize: mfalme wake ataenda wapi? Kama hana pa kwenda, hana kete nyingine ya kusogeza na wewe humshambulii, tafuta hatua nyingine.

Kama unafungwa, usikimbilie kusalimu amri. Kaa kwenye kona, cheza, subiri.