Ukimwita Merkel Hitler, Umembagua?

Dai: Kumfananisha kiongozi na dikteta wa kabila au taifa lake ni ubaguzi, hata iweje.

Si kweli. Tazama Zimbabwe. Novemba 2017, jeshi lilipomlazimisha Rais Robert Mugabe kujiuzulu, Emmerson Mnangagwa alishika nchi. Wote wawili ni Washona, lakini wananchi walioona ndani yake Mugabe wa pili hawakuhitaji kuulizia kabila. Mnangagwa ndiye aliyekuwa waziri wa usalama wa taifa katika miaka ya 1980, wakati Brigedi ya Tano ya jeshi la nchi hiyo ilipoua maelfu ya raia Matabeleland na Midlands. Yeye hukana kuhusika. Kisha tarehe 1 Agosti 2018, siku mbili baada ya uchaguzi, wanajeshi wakafyatua risasi katikati ya Harare, watu 6 wakafa. Anayesema huyu anafuata nyayo za yule ana ushahidi mkononi. Kumziba mdomo kwa kumwita mbaguzi ni kumkingia kifua mtawala, na ni dhuluma kwa watu waliobaguliwa kwelikweli.

Dai: Merkel ni mzungu na waliomtukana ni wazungu, kwa hiyo hapo hakuna ubaguzi.

Si kweli. Oktoba 2012, Angela Merkel, kansela wa Ujerumani wakati huo, alipozuru Athens, Ugiriki, baadhi ya waandamanaji walivaa sare za Kinazi, na bendera yenye swastika ikachomwa. Uchungu wa Wagiriki ulikuwa halali: mishahara na pensheni zilikatwa kwa masharti ya mikopo ambayo Ujerumani iliyasimamia kwa ukali, na wazee wao walikuwa hawajasahau njaa iliyoua watu wakati majeshi ya Hitler yalipoikalia nchi, 1941 hadi 1944. Lakini Merkel alizaliwa 1954, miaka 9 baada ya Hitler kufa. Lawama zote kuhusu pensheni zingeweza kusemwa, tena kwa ukali, bila ile sare. Sare iliongeza jambo moja tu: kwamba yeye ni Mjerumani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1965 dhidi ya ubaguzi wa rangi hautaji rangi ya ngozi peke yake. Unataja pia ukoo na asili ya taifa au kabila. Kwangu mimi, kumbebesha mtu jinai iliyotendwa kabla hajazaliwa, kwa sababu tu ya taifa lake, kunaangukia hapo.

Dai: Mfano ukivuka rangi, basi ni salama.

Mara nyingi ni kweli, si kila mara. Mwaka 2015 Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini, alimweka Donald Trump sambamba na Idi Amin, dikteta wa Uganda, kwenye televisheni ya Marekani, akionyesha majigambo ya mmoja baada ya mwenzake. Asili haikuwaunganisha; maneno yao ndiyo yaliyowaunganisha, na mtazamaji aliweza kupima mwenyewe. Hata hivyo inaniuma kwamba msemaji akitafuta kipimo cha utawala mbovu, mkono wake huenda Afrika upesi mno. Waliomwita Amin nduli, wakapigana naye na kuingia Kampala Aprili 1979 kumng'oa, walikuwa Watanzania na Waganda.