Robo Gramu ya Shaba

Je, wajua kwamba huko Lualaba, jimbo la Kongo ambako shaba hupimwa kwa malaki ya tani, kuna kimiminika ambacho robo gramu tu ya shaba inatosha kuharibu lita 1,000 zake? Kinaitwa AdBlue, na licha ya jina hilo hakina rangi yoyote. Cha bluu ni kifuniko cha tangi lake. Ndani mna vitu viwili tu: urea asilimia 32.5, na maji yaliyoondolewa madini. Kiwango cha kimataifa cha ISO 22241 kinaruhusu shaba isizidi miligramu 0.2 kwa kilo. Lita 1,000 zina uzito wa kilo 1,090 hivi. Piga hesabu, utapata miligramu 218. Lori moja linalotoka Kolwezi kuelekea mpaka wa Kasumbalesa hubeba tani 30 hivi za metali hiyohiyo. Ndiyo maana nasema ugumu wa AdBlue katika nchi ya shaba hauko kwenye bei, uko kwenye usafi, na anayekimbilia kuzima mtambo wa AdBlue wa lori lake anatibu ugonjwa usio wake.

Kazi ya AdBlue haifanyiki ndani ya injini, bali kwenye bomba la moshi. Dizeli, au mazutu kama wasemavyo Wakongo, ikiungua kwa joto kali huifanya nitrojeni ya hewa, ambayo kwa kawaida haimdhuru mtu, iungane na oksijeni na kuwa gesi zinazochoma mapafu. AdBlue hupuliziwa kwenye moshi huo ukiwa umefika nyuzi 200 hivi. Maji hukauka, urea huvunjika na kutoa amonia, na amonia ikifika kwenye kichocheo huzigeuza gesi hizo kuwa nitrojeni na mvuke. Ajabu ni kwamba vichocheo vingi vya kisasa ni zeolaiti iliyotiwa shaba. Metali inayokatazwa tangini ndiyo mfanyakazi mkuu mita chache mbele! Huko lakini imepangwa mahali pake, chembe kwa chembe. Ikija imeyeyuka kutoka kwenye koki ya shaba nyeupe, ni takataka inayotanda juu ya kichocheo.

Watasema: zima. Wapo mafundi wanaofunga kifaa cha kuihadaa kompyuta ya lori iamini kwamba AdBlue inapuliziwa, na hoja ya wateja wao si ya kipuuzi. Lori la kiwango cha moshi cha Ulaya kiitwacho Euro 6 likikosa kimiminika hupunguziwa nguvu kwa robo, na likizidi kupuuzwa hubanwa lisipite kilomita 20 kwa saa. Kubanwa hivyo usiku kati ya Kolwezi na Likasi, na shehena iko nyuma, na kabini ndiyo nyumba ya dereva kwa safari nzima, si jambo la kuchekwa. Hata hivyo hesabu ya akiba haisimami. Matumizi ya AdBlue ni asilimia 3 hadi 5 ya dizeli. Lori linalokula lita 40 kwa kilomita 100 litaunguza kama lita 120 kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi. AdBlue yake haizidi lita 6, na dumu la lita 10 linabaki na akiba. Tena, watengenezaji waliziacha injini hizi ziwake kwa joto la juu zaidi ili zile dizeli kidogo, wakijua kwamba moshi utasafishwa mbele ya safari. Anayezima usafishaji anaitia akiba hiyo mfukoni, na gesi za ziada anawaachia wauza makaa wa kando ya barabara.

Wengine watauliza: mahali ambapo vumbi jekundu limefunika hata majani ya miembe, nani ahangaike na gesi isiyoonekana? Mapafu ni mawili, ni kweli, lakini hatukugawiwa moja la vumbi na jingine la moshi. Na Kolwezi ina machimbo ya chini ya ardhi, Kamoto likiwemo, ambako moshi hauna upepo wa kuupeperusha. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani, na sehemu kubwa ya ushahidi ilitoka kwa wachimba migodi. AdBlue haiondoi masizi, hilo ni la chujio jingine, ila ndiyo inayoshughulikia gesi za nitrojeni.

Pingamizi moja nalikubali: salfa. Kichocheo chenye shaba huzibwa na salfa ya dizeli, na injini za Euro 6 zinataka isizidi sehemu 10 kwa milioni. Jirani huko Afrika Mashariki, Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilishusha kikomo chao hadi 50 mwaka 2015, hatua njema lakini isiyotosha injini hizo. Barabara hiyohiyo ya Kolwezi hupitisha malori yaliyosheheni salfa ya kutengenezea asidi ya kuyeyushia madini. Ikiwa shehena haidhuru, ikiwa ndani ya tangi la dizeli inaua mtambo polepole. Lakini hiyo ni sababu ya kuidai dizeli safi, siyo ya kuilaumu AdBlue.

Yaliyobaki yako mikononi mwa wanaojaza. Urea ya mbolea iliyokorogwa kwa maji ya kisima haiwi AdBlue, maana kikomo cha kalsiamu ni miligramu 0.5 kwa kilo na maji ya kisima huweza kukipita mara makumi. Ulaya huhofia kimiminika hiki kisigande, kwa kuwa huganda nyuzi 11 chini ya sifuri. Hapa adui ni jua, kwani kikiwekwa kwenye nyuzi 35 hudumu miezi 6 tu. Tangi la kuhifadhia liwe la plastiki au chuma kisichoshika kutu, likae kivulini, na faneli yake isiazimwe kwa mafuta. Halafu kuna foleni ya Kasumbalesa: injini ikiachwa inanguruma bila kazi, moshi hupoa, na urea hugeuka ukoko mweupe. Urea inayoganda pembeni ya kifuniko huyeyuka kwa maji ya moto. Iliyojikusanya ndani ya bomba itasubiri spana ya fundi.