Ujira na Fidia ya Mchimba Makaa

Leo nataka kuwaelezeni habari za ujira na fidia ya watu wachimbao makaa ya mawe. Huenda mtu wa Dodoma akauliza, "Kwetu hakuna makaa; habari hii yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Mvua ikipungua na mtama ukikauka, vijana wa Ugogo huenda mbali kutafuta kazi. Na makaa yako kusini: Kiwira, ambako mgodi ulifunguliwa mwaka 1988 kwa msaada wa Uchina, na Ngaka katika wilaya ya Mbinga.

Kwanza, ujira. Serikali hutoa amri ya kima cha chini, yaani kiasi ambacho mwajiri haruhusiwi kulipa pungufu yake. Mwaka 2013 kima hicho kilikuwa shilingi 400,000 kwa mwezi katika migodi mikubwa. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza Januari 2023, ilikipandisha kuwa 500,000. Na kwa wachimbaji wadogo kilitoka 200,000 kikawa 300,000.

Lakini ujira ni wa siku za afya. Je, jiwe likimvunja mtu mguu, au vumbi la makaa likimharibu mapafu, watoto wake watakula nini? Hapo ndipo ilipo kazi ya fidia.

Sheria ya zamani, iliyoanzia siku za Waingereza, ilihesabu fidia kwa kikomo cha fedha. Kikomo hicho kilifika shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu, na 83,000 kwa kifo. Shilingi ikashuka thamani, kikomo kikabaki pale pale. Hata mwaka 2013 zile 108,000 hazikufika theluthi ya mshahara wa mwezi mmoja wa mchimbaji. Wazee wa Ugogo waliohesabu fidia kwa ng'ombe walijua jambo hili: ng'ombe huzaa, lakini fedha iliyowekwa haizai.

Kwa hiyo Bunge, papa hapa Dodoma, lilipitisha Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake ukaanza kazi mwaka 2015. Waajiri ndio wachangao. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Fidia sasa hufuata mshahara. Aliyeumia na kushindwa kazi kwa muda hulipwa sehemu 70 katika 100 za mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Mwenye mshahara wa 500,000 atapata 350,000 kila mwezi. Na magonjwa yatokanayo na kazi yamo pia katika sheria hiyo.

Basi angalieni neno hili. Ikiwa fidia hufuata mshahara, hufuata mshahara ule ulioandikwa. Kijana apokeaye 500,000, lakini daftari ya mwajiri ikasema 300,000, siku ya kuumia atahesabiwa kwa 300,000, naye atapata 210,000 tu. Na yule asiyeandikwa popote, itakuwa shida kuthibitisha kwamba alikuwa mfanyakazi.

Kwa hiyo, wazazi, kijana akiaga kwenda migodini, mwambieni adai mkataba wa maandishi, atunze hati za mshahara, na akiumia atoe habari mara moja bila kungoja. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na nguvu za mwili ndizo mali ya kwanza ya maskini.

Kwaherini.